Bustani ya nyuma ya nyumba: familia ianzie wapi?

Swali: Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 4. Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa nyasi wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Mwaka uliopita tuliulima karibu wote kwa siku mbili, tukapanda aina zaidi ya kumi na tano za mboga, na ndani ya miezi miwili magugu yalikuwa yametushinda na mimea mingi imekauka. Tungependa kuanza upya, safari hii tukiwa na mboga pamoja na matunda, na watoto washiriki bila kuona kwamba wanaadhibiwa. Tuanzie wapi? Halafu kuna jambo jingine dogo: mtoto wetu wa kati ameotesha kokwa la parachichi kwenye glasi ya maji, na anataka mche huo upandwe katikati ya bustani. Tumkubalie?

Jibu: Mama, nakushukuru kwa kueleza bila kuficha jinsi bustani ya mwaka uliopita ilivyowashinda, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu imo katika maelezo hayo. Sioni uvivu humo, wala sioni dalili ya udongo mbaya. Ninaloliona ni hesabu ambayo haikupigwa. Mboga katika kipindi kisicho na mvua huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, na kwa kuwa milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja, kila mita ya mraba huhitaji lita 25. Uwanja wenu una mita za mraba 80, kwa hiyo ulihitaji lita 2,000 kila wiki, yaani ndoo 100 za lita 20, na sijaona bado familia yenye kazi na masomo inayoweza kumwaga ndoo 100 kila wiki kwa miezi mitatu mfululizo. Kilichotokea, nadhani, ni kwamba mlinyunyiza kila mahali maji kidogo kidogo, yakalowanisha sentimita mbili au tatu za juu tu, mizizi ikabaki huko huko juu kulikokuwa na unyevu, na siku mbili za jua kali mlizokosa nafasi zikatosha kuikausha.

Magugu nayo yana hesabu yake. Chini ya nyasi zilizokaa miaka mingi kuna akiba ya maelfu ya mbegu zilizolala, na nyingi kati yake husubiri kuguswa na mwanga tu ili ziote. Mlipougeuza uwanja mzima kwa siku mbili, mliziamsha zote kwa wakati mmoja, zikaota pamoja na mboga zenu na kuzipita kasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni kulima kidogo kuliko mnavyotamani. Tengenezeni matuta mawili tu, kila moja likiwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.5. Hayo mawili yana jumla ya mita za mraba sita, yatahitaji lita 150 kwa wiki, ambazo ni ndoo saba na nusu, na palizi yake ni kazi ya robo saa kwa siku ikifanywa na watu wawili. Sehemu iliyobaki iacheni iwe nyasi zinazofyekwa. Najua mtaona ni kama mchezo mkilinganisha na ukubwa wa uwanja wenu, lakini bustani ya familia hupimwa kwa wiki ile ambayo kila mtu amechoka, mmoja ni mgonjwa na watoto wana mitihani. Ukubwa unaoweza kutunzwa katika wiki ya namna hiyo ndio ukubwa unaofaa kuanza nao. Matuta mengine yataongezwa mwaka wa pili, moja baada ya jingine, kadiri mboji na nguvu zinavyopatikana.

Kabla ya kugusa jembe, chagueni mahali, na kazi hiyo ifanywe na watoto. Siku moja yenye jua, mtoto wa miaka 9 achore ramani ya uwanja, kisha saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi aende kuchora ukingo wa kivuli kilipofikia. Jioni mtakuwa na picha kamili ya jua lenu. Mimea inayoliwa tunda lake, kama nyanya, pilipili, matango na maharage, huhitaji jua la moja kwa moja kwa jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku. Ile inayoliwa majani huridhika na saa 4. Zingatieni pia kwamba mbali na ikweta vivuli hurefuka sana wakati wa majira ya baridi, hivyo ramani iliyochorwa katika kiangazi haitoshi kwa mwaka mzima. Kama sehemu mbili zinalingana kwa jua, chagueni iliyo karibu zaidi na mlango wa jikoni na bomba la maji, hata ikiwa udongo wake ni duni kidogo. Udongo hurekebishika, lakini tuta lililo mbali na macho husahauliwa, na nimeona bustani nyingi zikifa kwa sababu hiyo pekee kuliko kwa wadudu.

Hapa nina tahadhari moja ambayo kwa familia yenye mtoto wa miaka 4 siwezi kuiruka. Ikiwa nyumba ni ya zamani na kuta zake ziliwahi kupakwa rangi zenye madini ya risasi, au ikiwa uwanja uko kando ya barabara yenye magari mengi, udongo ulio karibu na ukuta au barabara huweza kuwa na risasi iliyojikusanya kwa miaka. Hatari kubwa haiko katika nyanya yenyewe, kwa kuwa matunda hufyonza risasi kidogo sana, bali iko katika vumbi na udongo ambao mtoto mdogo huupeleka kinywani kwa vidole, na katika mboga za majani na za mizizi zisizooshwa vizuri. Mkiwa na shaka, pelekeni sampuli ya udongo kwenye maabara ya kilimo, au pandeni ndani ya makasha yaliyoinuliwa yenye udongo mliouleta kutoka mahali salama.

Udongo wenyewe muujue kwa majaribio mawili ambayo hayahitaji kifaa chochote cha kununua. La kwanza, jazeni theluthi moja ya chupa ya kioo kwa udongo, ongezeni maji na chembe chache za sabuni ya unga, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni itulie. Mchanga utakaa chini ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini la udongo litafuata baada ya saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka utawaonyesha uwanja wenu una nini. La pili, chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yakiisha lijazeni tena na kupima kwa rula. Yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, hapo pako sawa. Yakikaa mpaka kesho yake, inueni matuta yenu angalau sentimita 20 juu ya ardhi, kwa sababu mizizi inayokaa majini hukosa hewa na kuoza.

Matokeo yoyote mtakayopata, dawa ni ile ile: mboji. Udongo wa kichanga huihitaji mboji ili uweze kuhifadhi maji, na udongo wa mfinyanzi huihitaji ili uweze kupitisha hewa. Tandazeni tabaka la sentimita 5 juu ya kila tuta, ambalo kwa tuta la mita za mraba tatu ni lita 150, na kulichanganya na sentimita 15 za juu za udongo. Msiongeze chokaa kwa kuwa tu jirani ameongeza; mboga nyingi hustawi kwenye udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu wake, kati ya 6 na 7, na chokaa kwenye udongo ambao tayari uko hapo huharibu badala ya kutengeneza. Mkitumia samadi, iwe imeoza mpaka haina tena harufu ya zizi. Samadi mbichi hubeba vimelea vya magonjwa, na kanuni inayofuatwa na wengi katika kilimo hai ni kuiweka siku 120 au zaidi kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, kama saladi na karoti.

Anzeni kutengeneza mboji yenu siku ile ile mnapoanza tuta la kwanza, ili mwaka ujao msiitafute kwingine. Rundo lenye mita moja kwenda kila upande huweza kujipasha lenyewe hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, joto ambalo huua mbegu nyingi za magugu, ilimradi lipate mchanganyiko unaofaa: mafungu mawili au matatu ya vitu vikavu kama majani makavu na vipande vya karatasi ngumu, kwa fungu moja la vitu vibichi kama maganda ya matunda na nyasi zilizofyekwa. Unyevu wake uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Likinuka vibaya, limezidiwa na vibichi. Likikaa bila kubadilika, limekauka au limekosa vibichi. Nyama, mifupa na kinyesi cha mbwa au paka visiingie humo. Kazi hii nashauri apewe kijana wa miaka 13, kwa sababu ina kitu cha kupima, kitu cha kurekebisha na matokeo anayoweza kuyashika mkononi, na umri huo huchoshwa haraka na kazi isiyo na maana wanayoiona.

Tuta lenyewe litengenezwe hivi. Katueni nyasi pamoja na mizizi yake katika eneo la tuta tu, mkizitoa kwa mikono zile zenye vishina vinavyotambaa chini ya ardhi, kwani kipande kimoja kikibaki kitachipua upya. Upana wa mita 1.2 nimeutaja kwa makusudi: mtu mzima hufikia sentimita 60 kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Sehemu ya mtoto mdogo iwe nyembamba zaidi, sentimita 60 kwa jumla, kwa sababu mkono wake ni mfupi na akishindwa kufika ataingia. Kati ya matuta acheni njia ya nusu mita, mtandaze karatasi ngumu za maboksi zisizo na gundi wala plastiki, na juu yake vipande vya mbao au majani makavu, nanyi hamtapalilia njia kwa miezi kadhaa. Tangu siku hiyo mguu wa mtu usikanyage tuta tena. Udongo ulioshindiliwa hupoteza vijia vyake vya hewa na maji, na kuurudisha huchukua muda mrefu kuliko kuuharibu.

Sasa mbegu. Msirudie aina kumi na tano. Ninyi ni watu watano, basi kila mmoja achague mboga moja ambayo huila kwa hiari yake, nanyi mtakuwa na aina tano. Hakuna faida ya kulima vizuri mboga ambayo mezani itasukumwa pembeni mwa sahani. Katika uchaguzi huo wazazi wahakikishe kuna mchanganyiko wa mimea ya haraka na ya polepole, kwa sababu subira ya mtoto ina mpaka. Figili huota ndani ya siku 3 hadi 5 na kuvunwa kati ya siku 25 na 30. Saladi ya kuchuma majani huanza kutoa baada ya wiki tano au sita. Maharage machanga ya kichaka huchukua siku 50 hadi 60. Nyanya huhitaji siku 60 hadi 85 tangu kupandikizwa, na karoti siku 70 hadi 80, tena karoti huweza kukaa wiki mbili au tatu bila kuchomoza hata jani, jambo linalowafanya wengi wadhani mbegu zimekufa. Changanyeni mbegu chache za figili katika mstari wa karoti: figili zitachomoza mapema na kuwaonyesha mstari ulipo, na zitakuwa zimeliwa kabla karoti hazijahitaji nafasi yake.

Kiasi nacho kiangaliwe. Mche mmoja wa zukini hutosheleza familia, na michache zaidi ya hapo huwa mzigo. Nyanya miche minne, iliyotengana sentimita 50 hadi 60 na kusimikiwa fito, inawatosha kabisa kwa kuanzia. Saladi na figili msizisie zote siku moja, bali sieni mstari wa nusu mita kila baada ya wiki mbili, la sivyo mtavuna figili 80 katika siku tatu na kisha kukaa mwezi mzima bila kitu. Msisahau majira: njegere, saladi, karoti na jamii ya kabichi hupenda ubaridi, wakati nyanya, maharage, matango na maboga huhitaji joto na huuawa na jalidi. Mbegu za saladi hukataa kuota udongo unapozidi takriban nyuzi 27, kwa hiyo mkizisia kwenye joto kali na zisichomoze, tatizo si mkono wa mtoto aliyezisia.

Katika kusia, kina cha shimo kiwe mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Ni kanuni ambayo hata mtoto wa miaka 4 huielewa akishika mbegu ya harage na ya karoti pamoja, na ndiyo maana yeye apewe harage, boga na alizeti, mbegu ambazo vidole vyake vinaweza kuzishika na kuzihesabu. Miche iliyokuzwa ndani au kwenye kitalu chenye kivuli izoeshwe jua kwa siku 7 hadi 10, ikianza na saa moja au mbili za nje kwa siku, kisha ipandikizwe jioni. Nyanya ni ya pekee: ipandeni kwa kina, mkizika shina hadi karibu na majani ya juu baada ya kuyaondoa ya chini, kwa sababu shina lake huota mizizi mipya popote linapofunikwa na udongo. Kupunguza miche iliyosongamana huwauma watoto kuliko kazi nyingine yoyote, nami siwalaumu, maana wanaombwa waue walichokiotesha. Waonyesheni mstari mmoja wa karoti uliopunguzwa hadi sentimita 5 kati ya mche na mche, na kipande kimoja ambacho hakikuguswa, kisha waachieni wavune vyote viwili. Hawatauliza tena.

Mwagilieni asubuhi, kwa wingi, mara mbili au tatu kwa wiki, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Maji yaelekezwe kwenye udongo wala si kwenye majani, kwani majani yanayolala na unyevu hukaribisha ukungu. Kabla ya kumwagilia, ingizeni kidole hadi pingili ya pili. Kukiwa na unyevu huko chini, acheni hadi kesho. Mbegu zilizosiwa karibuni tu ndizo zinazohitaji kunyunyiziwa kila siku mpaka zichomoze. Mimea ikishafika urefu wa kiganja, tandazeni majani makavu au nyasi zisizo na mbegu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, mkiacha nafasi ndogo kuzunguka shina. Matandazo hayo hupunguza maji yanayopotea kwa jua, huzuia mwanga usizifikie mbegu za magugu, na huondoa sehemu kubwa ya kazi iliyowashinda mwaka uliopita. Mkiona nyanya zinaoza kitako na kuwa nyeusi chini, msikimbilie dawa: hiyo hutokana na mmea kushindwa kufikisha madini ya kalisi kwenye tunda, na mara nyingi sababu yake ni maji yanayokuja na kukatika bila mpangilio.

Kuhusu watoto kuona kazi hii kama adhabu, nina imani moja thabiti: palizi isitumike kamwe kuadhibu. Mtoto aliyepelekwa kung'oa magugu kwa sababu ya kosa atayachukia magugu, bustani na mboga kwa pamoja. Wekeni muda mfupi unaojulikana, dakika 15 kabla ya chakula cha jioni kwa mfano, ambapo wote mnakwenda, wazazi wakiwemo, na ukiisha mnarudi hata kama kazi haijakwisha. Kisha kila mtoto awe na kipande chake cha robo au nusu ya mita ya mraba ambacho uamuzi ni wake, hata akitaka kupanda maua matupu. Hapa wazazi huteleza kwa upendo: usiku au asubuhi mapema hukinyoosha kipande cha mtoto, hukimwagilia alichosahau, hupanda upya kilichokufa. Msifanye hivyo. Mche ukinyauka, mketi naye mwangalie kwa nini, naye apande mwingine. Mtoto wa miaka 9 awe mtunza daftari: tarehe ya kusia, tarehe ya kuchomoza, mvua iliyonyesha, mavuno ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na ushauri unaofaa uwanja wenu kuliko wangu, kwa kuwa limeandikwa hapo hapo.

Usalama wao ni mambo machache lakini hayana mjadala. Chanjo ya pepopunda ya kila mtu iwe kamili. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe au yamwagwe, kwani mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina kidogo sana. Wafundisheni kwamba majani ya nyanya na viazi vilivyogeuka kijani haviliwi, na kwamba maharage mekundu yaliyokomaa hayaonjwi mabichi, kwa kuwa yana sumu inayotoweka tu yakichemshwa vizuri kwa dakika zisizopungua 10. Mikono ioshwe kwa sabuni kila watokapo bustanini.

Wadudu watakuja. Tundu chache kwenye majani si ugonjwa, na mmea wenye afya huvumilia kupoteza sehemu ya majani yake bila kupunguza mavuno kwa kiasi cha kuonekana. Kila asubuhi geuzeni majani na kuangalia chini yake. Viwavi huokotwa kwa mkono, na vidukari huondolewa kwa maji yanayorushwa kwa nguvu. Wajifunze kuwatambua wadudu rafiki pia, hasa lava, yaani mtoto, wa mdudu kibibi, ambaye ni mweusi mwenye madoa ya machungwa na hafanani hata kidogo na mzazi wake. Wengi humuua wakimdhania adui, ilhali yeye hula vidukari kwa mamia. Jamii ya kabichi ifunikeni kwa neti nyepesi tangu siku ya kwanza, kabla kipepeo hajataga. Sitawashauri kuweka viuatilifu vya kemikali nyumbani, kwa sababu mtoto wa miaka 4 huchuma na kula papo hapo, wala hasomi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Msimu ujao badilishaneni matuta, ili nyanya, pilipili, biringanya na viazi, ambavyo ni ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa, visirudi pale pale.

Nimechelewa kufika kwenye matunda kwa makusudi. Mti hauhamishwi, kwa hiyo nafasi yake ipangwe kwanza, lakini upandwe baadaye, mkishajua jua na maji ya uwanja wenu. Kwa mwaka wa kwanza pandeni stroberi kwenye ukingo wa tuta moja, sentimita 30 kati ya mche na mche, kitovu cha mche, yaani pale majani yanapochomoza, kikiwa sawasawa na uso wa udongo, kwa sababu kikizikwa huoza na kikining'inia hukauka. Hizo huzaa mapema, na hakuna tunda linalomvuta mtoto bustanini kama lile linaloiva kimo cha macho yake.

Miti iwekwe upande ambao kivuli chake hakitaangukia matuta: kaskazini mwa matuta kwa wanaoishi kaskazini ya mbali, kusini mwa matuta kwa wanaoishi kusini ya mbali, na karibu na ikweta, ambako jua hupita utosini, upande wa magharibi, ili kivuli chake kije alasiri wakati mboga zinakifurahia. Chagueni miche iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha mti unaojulikana kwa uzao wake kilichounganishwa juu ya shina la mche mwingine. Huzaa baada ya miaka 2 hadi 4, na shina la chini ndilo linaloamua kimo. Mtofaa uliobebeshwa kwenye shina la M9, lililochaguliwa katika kituo cha East Malling, Uingereza, hubaki na urefu wa mita 2 hadi 3 na kuvunwa bila ngazi ndefu. Lakini mitofaa mingi huhitaji mti wa aina tofauti karibu yake ili ichavushwe, na huhitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Kwenye joto ichaguliwe aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya majira mafupi ya baridi, au iachwe kabisa na kupandwa mpapai, unaoweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja, au pasheni kwenye uzio. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mizizi bali lisizidi kina chake, kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo, na matunda ya mwaka wa kwanza yatolewe yakiwa machanga ili nguvu iende kwenye mizizi. Hilo la mwisho ni gumu kulitenda, nami bado huniuma kila ninapolifanya.

Narudi kwa mche wa parachichi. Katikati ya bustani hapana, na mwambieni sababu yake wazi, mkiwa na ramani yake ya vivuli mkononi: mti uliotokana na kokwa huweza kupita mita 10 na kufunika matuta yote mawili, huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, mara nyingine zaidi ya kumi, na tunda lake halitafanana kwa hakika na lile alilokula. Hata hivyo msiutupe. Uhamishieni kwenye chungu kikubwa chenye matundu chini na udongo mwepesi, nusu ya kokwa ikiwa juu ya udongo, na kama mnaishi penye jalidi, uingizwe ndani wakati wa baridi. Shina lake likifikia unene wa penseli, tafuteni mtu ajuaye kubebesha amwonyeshe mtoto jinsi kikonyo cha mti unaozaa kinavyochongwa kama kabari, kikaingizwa kwenye shina lililopasuliwa na kufungwa kwa utepe. Kikishika, atakuwa na mche alioutoa mwenyewe kwenye glasi ya maji, wenye uwezo wa kuzaa katika miaka michache, na wakati huo mtakuwa mmeshajua ni kona ipi ya uwanja inayoweza kuupokea.